Nyuzi Mbili za Odile

Marche, 25 Agosti 1889

Bibi Pirard,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wetu Noëlle.

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Zamani Odile ndiye aliyekuwa akiniandikia barua, nami nikisimama nyuma yake, mikono mgongoni, nisije nikachafua karatasi kwa damu ya farasi. Sasa ni mwaka wa pili tangu homa ya matumbo iwachukue katika juma moja, binti yangu na mwanao, na mwandiko umekuwa wangu.

Nina ombi moja. Noëlle amekuwa kwako Verviers tangu siku ya mazishi. Naomba aje akae nami hapa Marche. Kitanda cha mama yake bado kipo, nimekipaka rangi mpya. Wewe umekuwa naye miaka miwili. Mimi sina mwingine.

Wako,
Servais Gillet, mchinja farasi

---

Verviers, 30 Agosti 1889

Bwana Gillet,

Jibu ni hapana.

Mtoto ni wa Pirard. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, na daktari wetu husema vilevile, kwamba mwanamke ni shamba tu na mwanamume ndiye mwenye mbegu. Shayiri haiwi mali ya udongo ilikoota. Odile alikuwa shamba zuri, Mungu amrehemu, lakini mavuno ni ya nyumba hii.

Isitoshe, ua wa kuchinjia farasi si mahali pa kulelea msichana wa miaka mitano.

Mjane Pirard

---

Marche, 3 Septemba 1889

Kwa waheshimiwa wa maabara ya wanyama, Liège,

Daktari wetu wa mifugo ameniambia kuwa mnatafuta minyoo ya farasi, wale wa mviringo, warefu kama kalamu. Mimi nawaona kila wiki, hasa ndani ya farasi wachanga waliovunjika miguu. Nawatumia ishirini na sita katika chupa hii. Nimewatia chumvi vizuri wasiharibike njiani.

Kama si kosa kuuliza, mnawatafutia nini? Nimewatupa miaka thelathini bila kuwatazama.

Servais Gillet

---

Liège, 7 Septemba 1889

Mzee Gillet,

Chupa imefika salama. Minyoo hawakufika salama, maana umewatia chumvi kama paja la nguruwe. Bwana Thonnard, tunayekaa naye meza moja, ameuliza tuwapike na viazi au tuwatundike dohani. Usione haya. Nimecheka mpaka nikaharibu mchoro, na mchoro wenyewe haukuwa mzuri.

Mimi naitwa Léonie Hanquet. Baba yangu hutia nakshi bunduki hapa mjini, na tangu nina miaka kumi nilikuwa nikimchongea majani na sungura kwenye vyuma vyake. Ndiyo maana mkono wangu hautetemeki, na ndiyo maana maabara wamenichukua niwachoree wanachokiona kwenye hadubini.

Tunataka majike, wale warefu. Dume ni mfupi na mkia wake umejikunja. Watie hai ndani ya chupa, izungushie sufu, ifukie kwenye kisanduku cha pumba za moto, umkabidhi mlinzi wa gari moshi la asubuhi. Chupa ya pili waweza kuijaza pombe kali. Chumvi waachie samaki.

Umeuliza tunatafuta nini. Tumbo la jike ni bomba refu lililojikunja, na mayai yamepanga foleni ndani yake. Kwa juu ni yale ambayo hayajakutana na mbegu ya dume. Katikati yanakutana nayo. Chini yameshaanza kugawanyika. Ukitembea na bomba hilo unaona mwanzo wa kiumbe hatua kwa hatua. Tena ndani ya yai mna nyuzi fulani, na wengine siku hizi wanaziita kromosomu. Wanyama wengi wana msitu wa nyuzi hizo. Mnyoo wa farasi, yai likishapokea mbegu, ana nne tu, nene, hata mtu mwenye usingizi anaweza kuzihesabu. Tunatazama jinsi viwili vinavyokuwa kimoja.

Léonie Hanquet

---

Marche, 14 Septemba 1889

Bi Léonie,

Nawaleta majike tisa walio hai na kumi na wawili katika pombe. Ni pombe ya nyumbani kwangu, nzuri, kwa hiyo mwangalie Bwana Thonnard.

Sikulala na swali, nimeamka nalo. Umesema viwili vinakuwa kimoja. Je, kila upande unaleta kiasi gani? Mama analeta nini na baba analeta nini? Naomba jibu kamili. Nimewekeana dau la chupa moja na mhunzi wa hapa. Yeye anasema mama ni shamba tu.

Leo nimemchunguza mnyoo mmoja kwa kioo cha kusomea cha marehemu binti yangu. Sikuona uzi wowote. Niliona ngozi yake inang'aa kama utepe wa harusi.

Servais Gillet

---

Liège, 20 Septemba 1889

Mzee Gillet,

Mwambie mhunzi atoe chupa yake. Mbili ni za mama na mbili ni za baba. Urefu mmoja, unene mmoja. Nimezichora mara arobaini na mbili, na hata ukiniwekea kisu shingoni sitaweza kukuambia zipi ni za nani. Nakutilia mchoro humu umwonyeshe.

Majike wako wamefika wakijinyonganyonga. Thonnard anakusalimu na anasema farasi wa Ardennes wanakula vizuri kuliko yeye.

Namna yai linavyofikia kubaki na mbili ni hadithi nyingine, na hiyo hasa ndiyo inayoninyima raha, lakini mtu wa posta amesimama mlangoni anapiga miayo. Nitakusimulia barua ijayo.

Léonie

---

Verviers, 1 Oktoba 1889

Bwana Gillet,

Nimeishi miaka sitini na moja na sijapata kupokea barua kama yako.

Umenitumia picha ya matumbo ya minyoo. Umeniandikia kwamba mjukuu wangu ni nusu yako kwa ushahidi wa chuo kikuu, na kwamba kwa kuwa mimi nimekula miaka yangu miwili, sasa ni zamu yako kumchukua. Kumchukua! Umemwita mwanangu "yule mfumaji wako". Alikuwa na jina. Aliitwa Mathieu. Alikaa kwenye meza yako Jumapili nyingi, ukampitishia mkate bila kumtaja jina, Odile akaona haya mbele yetu sote. Unadhani sikuona?

Umeniambia wewe huna mwingine. Na mimi nina nani?

Nilikuwa nimefikiria kumleta kwako siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe sita Desemba, kwa siku mbili. Sasa hapana. Usiandike tena.

Mjane Pirard

---

Marche, 4 Oktoba 1889

Bi Léonie,

Hakuna mhunzi. Yaani mhunzi yupo, lakini hanywi na hajui lolote kuhusu minyoo.

Nilikudanganya, naomba radhi. Nina mjukuu, Noëlle, binti wa binti yangu Odile. Wazazi wake wote wawili wamekufa. Analelewa na mama wa baba yake huko Verviers, na bibi huyo ndiye aliyeniandikia habari za shamba na mbegu. Nilipopata mchoro wako niliona nimepewa rungu. Niliandika barua usiku uleule nikaipeleka posta alfajiri, kabla hasira haijapoa, kwa kuwa nilijua ikipoa sitaipeleka. Nilidai mtoto.

Jibu lake naliambatanisha humu. Lisome, kisha uniambie nilikosea wapi. Mbili na mbili si ndivyo ulivyosema? Mbona ukweli umenifungia mlango?

Odile alikuwa na tabia moja. Kila tulipokaa kula alivua kiatu kimoja chini ya meza, cha kushoto, kile kiatu cha mti. Tangu mdogo mpaka siku ya harusi yake. Ulikuwa unasikia: ko! Kisha anaanza kula. Sasa nakula na nasikiliza.

Servais

---

Liège, 9 Oktoba 1889

Mzee wangu,

Kwanza nikugombeze. Ulichukua nusu ya hadithi ukakimbia nayo. Na kosa ni langu pia, sikupaswa kuikata pale mtu wa posta alipopiga miayo. Pili, usimpelekee tena mwanamke aliyefiwa picha za minyoo. Mimi nawapenda, lakini hata mimi nisingetaka kuletewa mezani na kahawa.

Sasa nimalizie.

Mbegu ya baba inaingia kwenye yai mapema. Inafika katikati, inakaa kimya. Inangoja kama mchumba aliyewahi akaketishwa jikoni. Wakati huo nyuzi za mama ziko pembeni, karibu na ukuta wa yai, na si mbili. Ni nane, maana kila moja ya zile nne za mama imekwisha kuwa mbili, nazo zimefungana mafungu mawili, kila fungu nyuzi nne. Zikiachwa hivyo, hakuna kitakachotoka ila fujo. Mtoto angekuwa na nyingi kuliko mama, na mjukuu nyingi zaidi, hadi yai lipasuke.

Basi yai linafanya jambo ambalo nimelichora hata ndotoni. Mafungu yanajipanga mstari, katikati ya kitu kilicho mfano wa pipa dogo la nyuzi nyembamba mno. Yanavutwa huku na huku. Kila fungu linapasuka katikati, na nne zinatupwa nje ndani ya kishanga kidogo. Nne zinabaki. Halafu yai halipumziki. Linajipanga upya, linavuta tena, na mbili zinatupwa nje ndani ya kishanga cha pili. Zinabaki mbili.

Hapo tu, Mzee wangu, ndipo kiini cha mama, chenye zile mbili zilizobaki, kinapoondoka pembeni kwenda katikati kukutana na yule anayengoja. Sijaona kiini kilichokwenda kabla.

Na usidhani baba alikuja na nyuzi zake zote. Naye alikwisha kupunguziwa hukohuko alikotoka. Kila mbegu ina mbili.

Nani anavuta? Nini kinaliambia yai lianze, na liishie pale? Hatujui. Mimi na Thonnard tunagombana juu yake kila siku ya Mungu. Yeye anasema nyuzi nyembamba ni kamba, mimi nasema labda ni njia tu. Wala hatujui kama nyuzi hizi ndizo zinazobeba pua ya mtu na tabia ya kuvua kiatu. Wengi wanadhani hivyo. Nisingekuapia.

Jambo la mwisho. Leo nimefungua ile chupa yako ya pombe ya tarehe 14. Jike amekufa kabisa, wiki tatu na siku nne ndani ya pombe ya kuangusha fahali. Mayai yake yaliyokuwa na gamba tayari bado yanagawanyika. Moja likawa mawili mbele ya macho yangu.

Barua ya Bibi Pirard nairudisha. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliona kwamba ameuliza swali, nawe hujalijibu.

Léonie

---

Marche, 13 Oktoba 1889

Bibi Pirard,

Umeniambia nisiandike. Naandika mara hii moja, na simdai mtoto.

Uliuliza wewe una nani. Sikuwahi kujiuliza hilo. Nilihesabu waliokufa kwangu tu, kana kwamba kaburini mle amezikwa mtu mmoja tu.

Mathieu. Nimeliandika jina lake mara kumi kwenye karatasi ya kufungia nyama kabla ya kuliandika hapa, ili mkono ulizoee.

Nikueleze kwa nini nilimnunia. Siku alipokuja kuposa nilivaa koti langu la kanisani. Alinikaribia, akaushika upindo wa koti, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akatabasamu. Nikajiambia, huyu mfumaji ananipima thamani, anaona koti langu ni la kitambaa duni. Nikamwekea kinyongo miaka minne. Odile alisema, "Baba, yeye ndivyo alivyo." Nikamjibu, "Basi ajifunze kuwa vingine." Hilo koti bado ninalo. Kila nikilivaa nashika upindo palepale, kuona alihisi nini. Ningependa kujua kutoka kwako.

Nami nikupe kidogo cha Odile, ukipenda. Alikuwa akivua kiatu cha kushoto chini ya meza kila alipokula. Alipokuwa na hofu alihesabu kwa sauti, lakini kuanzia kumi kurudi nyuma, na akifika tatu hofu imekwisha. Hakuweza kula tufaha bila kuligawa, hata akiwa peke yake. Nusu moja aliiacha kwenye dirisha la zizi kwa farasi wa kesho. Nilimwambia farasi wa kesho atachinjwa, hana haja ya tufaha. Akasema, "Basi ndiye hasa."

Nilimtaka Noëlle mzima awe wangu. Haikupasa. Hakuna aliyewahi kuja duniani kwa namna hiyo.

Ubaki salama pamoja naye.

Servais Gillet

---

Marche, 3 Novemba 1889

Bi Léonie,

Majike saba, walio hai. Wanatoka kwa mwanafarasi mwekundu aliyekuwa akiogopa madaraja.

Verviers hakuna jibu. Jana ilikuwa siku ya kuwakumbuka wafu, nikaweka taa. Nilidhani labda barua ingefika siku hiyo. Sina la kulalamika. Barua yangu ya kwanza nayo alilazimika kuishi nayo.

Nina swali jingine, na safari hii hakuna mhunzi. Vile vishanga viwili ambavyo yai hutupa nje vinakwenda wapi?

Servais

---

Liège, 7 Novemba 1889

Mzee wangu,

Hakuna aliyepata kuniuliza hilo hapa, na watu hapa wana shahada.

Haviendi mbali. Kile cha kwanza hukwama ukutani, kwenye gamba lenyewe. Cha pili hubaki kimegusa yai. Havifanyi kazi yoyote. Ila yai linapogawanyika, na kugawanyika tena, nimeviona vimekaa pale pembeni, ndani ya gamba lilelile, kwa muda mrefu sana, kama ndugu wa bi harusi wasiojua waende nyumbani saa ngapi. Katika michoro watu huviacha. Mimi huvichora.

Vumilia. Mwanafarasi mwekundu ametupatia mayai mazuri kuliko yote ya mwaka huu.

Léonie

---

Verviers, 28 Novemba 1889

Mkwe wangu,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Mara tatu nilitaka kuichoma.

Umeuliza Mathieu alihisi nini. Alianza kusugua nguo za watu kabla hajajua kusema. Nilikuwa nikimbeba kanisani, naye anashika shali ya aliye mbele yetu, anaisugua kwa kidole gumba. Hakuwa anapima thamani. Watu asiowapenda hakuwagusa nguo. Mimi mwenyewe aliacha kunishika mwaka mzima, siku zile nilipokuwa nikimkataza kumwoa Odile. Kwa hiyo jibu ni hilo, ulitabasamiwa kweli.

Noëlle hufanya hivyo kwa kila mgeni. Nilidhani ni hilo tu alilorithi, nami nilimwona mwanangu ndani yake na sikutaka kumwona mwingine.

Sasa nikuambie la aibu. Tangu alipokuja kwangu, mtoto huyu huvua kiatu kimoja mezani. Cha kushoto. Nilidhani ni utovu wa adabu wa huko Marche. Nilimgombeza. Nilimnyima chakula cha jioni mara mbili. Mwishowe nikawa namfunga kile kiatu kwa utepe, mafundo mawili, kila kabla ya kula, naye ananitazama nikifunga. Miaka miwili, Bwana Gillet. Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipokufa. Sijui kama alimwona akifanya au ni hizo nyuzi zako. Wala sitaki minyoo inijibu.

Siku ya Mtakatifu Nikolasi njoo wewe hapa, kwa gari moshi la saa nne. Uvae koti lako la kanisani, Noëlle anataka kulishika, nimemwambia kwamba baba yake alilipenda. Baada ya hapo mtarudi pamoja Marche kwa siku nane, kisha utamrudisha. Wakati wa Pasaka tutazungumza tena. Siahidi zaidi ya hapo.

Leo mchana tulikula supu ya dengu. Utepe nilikuwa nao mfukoni. Sikuutoa. Nilimpa mkate, nikangoja, mpaka nikasikia chini ya meza: ko.

Amélie Pirard